Nani Anamlipa Mshauri Wako? Safari ya Chuo cha Marekani Inapoanzia Mbozi Mission

Mzazi wa Mbozi Mission anayetaka mwanawe akasome chuo kikuu Marekani hana mlango wa karibu wa kubisha. Hospitali ipo, kanisa lipo, kahawa ipo shambani, lakini mtu wa kumkalisha kitako na kumweleza jinsi vyuo vya Marekani vinavyopokea wanafunzi, vinadai nini na vinasaidia nani, hapatikani kirahisi. Ubalozi wa Marekani uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Kwenda na kurudi ni nauli, malazi na siku kadhaa za kazi zilizopotea.

Pengo hilo halikai wazi. Huzibwa na tangazo la WhatsApp lililosambazwa na rafiki wa mpwa, au na kijana mwenye tai anayeendesha semina kwenye ukumbi wa hoteli Mbeya au Tunduma na kuahidi udahili, ufadhili na viza kwa malipo ya mara moja. Wengine kati ya hao wanafanya kazi halali. Wengine ni matapeli. Kwa mzazi aliyeketi kiti cha nyuma ukumbini, wote wanafanana.

Kabla ya lolote, jambo moja liwekwe mezani. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini tangazo lililoongeza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya kuingia nchini humo. Zambia na Malawi, majirani wa Mkoa wa Songwe iliko Mbozi, wamo pia. Vizuizi vilianza 1 Januari 2026, na viza za masomo zimo ndani yake: F ya wanafunzi wa vyuo, M ya mafunzo ya ufundi na J ya programu za kubadilishana. Mtanzania aliyekuwa tayari na viza hai hakunyang'anywa. Ambaye hakuwa nayo amefungiwa, isipokuwa aangukie kwenye misamaha michache iliyotajwa, kwa mfano mwenye uraia wa nchi mbili anayesafiri kwa pasipoti ya nchi isiyomo kwenye orodha. Matangazo ya aina hii hupitiwa upya kila baada ya muda, na orodha hubadilika. Lakini kwa sasa, mtu anayemwahidi mzazi wa Mbozi viza ya masomo ya Marekani "kwa uhakika" anauza kitu asichokuwa nacho.

Ndiyo maana wakati huu ushauri wa kweli unahitajika kuliko ulivyohitajika mlango ulipokuwa wazi.

Watu wa Tunduma hawana haja ya kufundishwa tofauti kati ya wakala wa forodha mwenye leseni na kishoka. Wanawaona wote wawili kila siku kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Wakala ana ofisi, ana namba ya usajili, anatoa stakabadhi, na mzigo ukikwama unajua pa kumpata. Kishoka ana simu tu. Katika biashara ya kupeleka wanafunzi ng'ambo mambo ni hayohayo, ila kuna swali la ziada ambalo mzazi hana budi kuliuliza: huyu anayenishauri, analipwa na nani?

Serikali ya Marekani ina mtandao wake wa ushauri unaoitwa EducationUSA, wenye vituo zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 170, vingi vikiwa ndani ya balozi, maktaba na vyuo. Mshauri wa EducationUSA halipwi na chuo chochote kwa kila mwanafunzi anayempeleka, na maelezo yake ya msingi hutolewa bure. Akikuambia chuo fulani hakikufai, hapotezi kitu. Wakala wa kibinafsi yuko kwenye mizani nyingine. Yeye hulipwa na chuo, mara nyingi kwa kamisheni inayokatwa kwenye ada ya mwaka wa kwanza, na kwa hiyo hukusukuma kwenye vyuo alivyosaini navyo mkataba. Hiyo peke yake si dhambi. Kosa ni kumficha mzazi.

Wamarekani wenyewe wamevutana sana juu ya kamisheni hizi. Mwaka 1992 Bunge lao lilirekebisha Sheria ya Elimu ya Juu na kukataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kulipa watu kwa idadi ya wanafunzi wanaowaandikisha, kwa sababu wanafunzi wengi walikuwa wakisombwa kwenye vyuo hafifu na kuachwa na madeni. Lakini sheria hiyohiyo iliwaacha nje wanafunzi wa kigeni wanaoishi nje ya Marekani. Yaani kinga aliyopewa kijana wa Ohio hakupewa kijana wa Vwawa. Mwaka 2008 baadhi ya vyuo na kampuni za mawakala viliunda chombo cha kuwakagua mawakala, AIRC, na mwaka 2013 NACAC, chama kikubwa cha washauri wa udahili nchini humo, kikakubali baada ya mjadala mrefu kwamba wanachama wake wanaweza kutumia mawakala wa kamisheni nje ya nchi, mradi mambo yawe wazi.

Madhara ya kamisheni hizo yalionekana mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Western Kentucky. Chuo hicho kilipokea wanafunzi wapatao 60 kutoka India kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, waliokusanywa kwa msaada wa mawakala. Muhula mmoja baadaye, takribani 25 kati yao waliambiwa waondoke kwenye programu kwa sababu hawakuwa na msingi wa kutosha wa masomo hayo. Familia zilikuwa zimeshalipa. Vijana walikuwa wameshafika. Hakuna aliyewaambia mapema kwamba hawako tayari, kwa kuwa mtu wa kuwaambia hivyo angepoteza malipo yake.

Afrika Mashariki ina jeraha lake pia, ingawa safari yenyewe haikuwa ya Marekani. Katika Kaunti ya Uasin Gishu, Kenya, mamia ya wazazi walilipa fedha kwenye mpango wa kuwapeleka watoto wao vyuo vya Finland na Kanada, mpango uliokuwa na baraka za serikali ya kaunti. Kufikia 2023 wanafunzi waliokuwa Finland walikuwa wanadaiwa ada, wengine hawajaondoka kabisa, na wazazi waliandamana Eldoret wakidai fedha zao. Kuna waliouza mashamba. Kesi ilifika mahakamani. Hao hawakudanganywa na mtu wa mtaani mwenye simu. Waliamini ofisi yenye bendera mlangoni, na hilo linaonyesha kwamba muhuri wa ofisi peke yake haumwondolei mzazi kazi ya kuuliza maswali.

Lakini historia ya vijana wa ukanda huu kutafutiwa nafasi Marekani haikuanza na mawakala, wala haikuanza kwa utapeli. Ilianza kwa harambee.

Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi kijana wa vyama vya wafanyakazi Kenya, alizunguka Marekani akihutubia vyuo na kuomba nafasi za masomo. Waingereza waliokuwa wakitawala hawakufurahi. Walisema shahada za Marekani ni duni na kwamba Chuo cha Makerere, Uganda, kinatosha, ilhali nafasi za Makerere zilikuwa chache mno kwa eneo zima la Afrika Mashariki. Mboya akiwa na Julius Kiano na Kariuki Njiiri, waliosoma Marekani na kuifahamu, walichambua maombi ya vijana na kuandikiana na vyuo. Familia zilifanya chai za kuchangisha ili mtoto apate fedha kidogo za mfukoni. Upande wa pili wa bahari, mfuko wa African American Students Foundation ukisaidiwa na watu maarufu kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier ulitafuta nauli. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata familia ya Seneta John F. Kennedy ilitoa dola 100,000, na hadi 1963 vijana karibu 800 walikuwa wamevushwa, wengi wao Wakenya, lakini Watanganyika, raia wa Uganda na wa nchi za kusini zaidi walikuwamo.

Wangari Maathai alikuwa katika kundi la 1960. Yeye alipitia mkono wa Kanisa Katoliki, lililokuwa likitafuta wanafunzi hodari katika shule zake, akapelekwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha watawa katika mji wa Atchison, Kansas. Akasoma biolojia, akaendelea Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Pittsburgh ndiko alikofikia pia Mahmood Mamdani kutoka Uganda mwaka 1963, ambaye baadaye alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kinachofaa kutazamwa kwa makini katika habari ya Mboya ni kazi ya ushauri iliyofanyika nyuma ya ndege. Mtu alikaa na barua moja moja. Aliyechagua vijana alikuwa amekaa katika vyuo vya Marekani na kujua nani atamudu. Na hakuna aliyelipwa kwa kichwa.

Mfano wa karibu zaidi na wakati wetu uko Iten, mji wa wanariadha katika Bonde la Ufa. Mwaka 2004 Mike Boit, Mkenya aliyeshinda medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972 na mwenyewe kusoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, alishirikiana na mwandishi Mmarekani John Manners kuanzisha KenSAP. Mpango huo ulichukua wanafunzi wachache waliofaulu sana mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, wengi wakitoka familia maskini, ukawaweka kambini, ukawafundisha mitihani ya kujiunga, uandishi wa insha na namna ya kujaza fomu, kisha ukawaombea vyuo vyenye uwezo wa kulipia kila kitu. Miaka ya mwanzo waombaji walikimbizwa pia mita 1,500, kwa sababu kocha wa chuo akikutaka, nafasi yako ya kupokewa hupanda. Wanafunzi zaidi ya 100 wameingia kwa njia hiyo vyuo kama Harvard, Yale na Princeton. Hawakutozwa kamisheni.

Michezo imewafungulia Watanzania mlango huohuo. Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ambako alitwaa mataji ya vyuo vya Marekani. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 kucheza kikapu, na 2009 akawa mchezaji wa pili kuchaguliwa kuingia ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, mwaka huo.

Mbozi Mission yenyewe ina uzi wake wa kuelekea Marekani. Kituo kilifunguliwa mwishoni mwa karne ya 19 na Wamoravian kutoka Ujerumani, baada ya kituo cha Rungwe cha 1891, na mmisionari Traugott Bachmann alikaa miongoni mwa Wanyiha kwa miaka mingi. Kanisa hilohilo lilikuwa limekwisha kuvuka Atlantiki zamani. Mwaka 1742 binti wa miaka 16, Benigna von Zinzendorf, alianzisha shule ya wasichana Pennsylvania ambayo leo ni Moravian University katika mji wa Bethlehem. Mwaka 1772 Wamoravian wakaanza shule nyingine North Carolina, sasa Salem College. Undugu wa kanisa si tiketi ya ufadhili, na asitokee mtu akauza fomu kwa jina hilo. Lakini mchungaji wa Mbozi anaweza kuandika barua pepe Bethlehem na kuuliza swali bila kupitia kwa mtu wa kati.

Sasa tuje kwenye karatasi, kwa sababu humo ndimo wazazi wanamopotelea.

Chuo cha Marekani kikimkubali mwanafunzi wa kigeni na kuridhika na fedha zake, humtumia fomu iitwayo I-20. Juu yake kuna namba inayoanza na herufi N ikifuatiwa na tarakimu kumi. Katikati kuna safu mbili. Ya kushoto inaorodhesha gharama za mwaka: ada, makazi na chakula, matumizi mengine. Ya kulia inaonyesha fedha zinatoka wapi: mfukoni mwa familia, chuoni, kwa mfadhili. Safu hizo mbili lazima zilingane. Tuseme ada ni dola 38,000, makazi na chakula 14,000, bima na vitabu 3,000. Jumla 55,000. Wakala anapiga simu kwa shangwe: "Baba, kijana amepata skolashipu ya asilimia 50!" Ni kweli, lakini ni asilimia 50 ya ada peke yake, yaani 19,000. Kinachobaki ni dola 36,000, ambazo kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi milioni 90. Kwa mwaka mmoja. Miaka ipo minne.

Hapo wakala huongeza kwamba mtoto atafanya kazi ajilipie. Sheria inamruhusu mwanafunzi mwenye viza ya F kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Fedha hizo hununua sabuni, vitabu na nguo za baridi. Hazilipi ada. Mikopo ya serikali ya Marekani nayo haimhusu mgeni.

Wenye ufadhili kamili wapo, na majina yao si siri. Berea College ya Kentucky haimtozi mwanafunzi yeyote ada tangu 1892, badala yake kila mmoja hufanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki, na huchukua wageni wachache kila mwaka. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin humpima mwombaji wa kigeni bila kuangalia mfuko wa mzazi wake, kisha humlipia anachopungukiwa. Kuingia huko ni kugumu sana, lakini fomu zao hazihitaji dalali. Mfumo wa Common App unapeleka maombi kwenye vyuo zaidi ya 1,000 kwa fomu moja na insha isiyozidi maneno 650, na mwanafunzi asiye na uwezo anaweza kuombewa msamaha wa ada ya maombi na shule yake.

Kalenda ndiyo mtego mwingine. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na katikati vijana wengi huitwa JKT. Vyuo vya Marekani vinaanza masomo Agosti au Septemba, na milango yao ya maombi hufungwa kati ya Novemba ya mwaka uliotangulia na Januari ya mwaka huo. Anayesubiri matokeo ndipo aulize, amechelewa kwa miezi sita au zaidi. Mwalimu anayelijua hili humwambia mwanafunzi aanze akiwa kidato cha tano.

Mwalimu huyo ana kazi nyingine asiyoimudu mtu wa Dar es Salaam. Vyuo vya Marekani hutaka barua za walimu, na barua nyingi za shule zetu husema mwanafunzi ni mtiifu, ana nidhamu na anashirikiana na wenzake. Msomaji wa upande wa pili amesoma sentensi hizo mara elfu. Anachotafuta ni tukio: kwamba binti huyu alitengeneza kifaa cha kupimia unyevu wa kahawa kwa vipuri vya redio, au kwamba kijana huyu aliwafundisha wenzake hesabu jioni mwalimu alipohamishwa. Mwalimu wa Mbozi ndiye aliyeona. Akiandika alichoona, ameshauri na ametafuta nafasi kwa pamoja, bila kamisheni.

Je, haya yote yana faida gani wakati viza imesimamishwa? Yanayo. Elimu ya Marekani si lazima ifuatwe Marekani. Carnegie Mellon, chuo cha Pittsburgh, kina kampasi Kigali inayotoa shahada za uzamili za uhandisi na teknolojia ya habari, na Mastercard Foundation inawafadhili wengi. USIU-Africa ya Nairobi imeidhinishwa Kenya na pia na chombo cha ithibati cha Marekani. Georgetown, Northwestern na Carnegie Mellon wako Doha, New York University iko Abu Dhabi. University of the People, kilichoanzishwa 2009, hufundisha kwa mtandao bila ada ya masomo, ingawa hutoza ada za mitihani. UWC East Africa ya Moshi na Arusha huwaandaa vijana kwa vyuo vya nchi nyingi. Fomu, insha, barua ya mwalimu na mtihani wa Kiingereza vinavyotakiwa huko vinafanana sana na vya Marekani, kwa hiyo kazi ya maandalizi haipotei.

Mwandalizi wa semina atakayefika Tunduma au Vwawa mwaka huu aulizwe hadharani, mbele ya wazazi wote: analipwa na chuo gani, kiasi gani, na je, anajua lolote kuhusu tangazo la 16 Desemba 2025. Fedha za viza na za mfumo wa wanafunzi wa Marekani, dola 185 na dola 350, hulipwa moja kwa moja kwa serikali hiyo kwa jina la mwanafunzi, si kwa namba ya simu ya mtu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayosajili mawakala wa vyuo vya nje na kutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma ng'ambo. Mzazi aombe namba ya usajili, aihakiki TCU kabla ya kulipa chochote, adai stakabadhi, na wakala akikataa kimojawapo, jina lake lipelekwe TCU na polisi siku hiyohiyo.